Soda Iko Kwenye Jagi

Habari ya kifo cha mama mdogo Elinuru niliipata kwenye simu, katika kundi la ukoo, imebanwa kati ya picha ya mtoto aliyebatizwa na tangazo la mtu anayeuza kiwanja Terrat. Nilikuwa nimesimama jikoni, chai iko motoni. Nikaisoma, nikakaa. Kabla sijajua kama nalia au silii, ujumbe mwingine ukaingia chini yake, wa binamu yangu mmoja ambaye kila msiba hujiteua kuwa kamati: "Poleni wote. Chakula kimeshapata watu. Nani atashika soda?" Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Binamu huyo alizaliwa baadaye, hana kosa lolote. Lakini mimi niliishi na marehemu kule Ngaramtoni mwaka ule nilipomaliza kidato cha nne, na kuliona neno soda limekaa chini ya jina lake kulinitia baridi, chai ikachemka ikamwagika nikiiangalia tu.

Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nikastaafu. Kila mwaka tulifika kwenye mada ya maneno yenye maana zaidi ya moja, na kila mwaka niliandika ubaoni "kaa" na "paa", wanafunzi wakacheka na kutunga sentensi za kaa anayekaa juu ya kaa la moto. Siku moja binti mmoja wa dawati la mbele, mchokozi kama nini, aliniuliza, "Mwalimu, kwani kuna ubaya gani neno likiwa na maana mbili? Si mtu anaelewa tu kutokana na mazingira?" Darasa zima likaunga mkono. Nikawaambia wafungue kitabu ukurasa unaofuata, kwa sababu jibu nililokuwa nalo halikuwa la kumpa mtoto. Jibu hilo lina jiko la mbao ndani yake, na meza ndefu, na binti aliyeitwa Nembris, aliyekuwa na sauti ambayo sijaisikia tena kanisani wala redioni. Mwaka ule wote ninavyoukumbuka ni mwaka wa kusubiri sauti hiyo ipotee, ingawa wakati nikiuishi nilidhani ni mwaka wa raha.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, nyuma kidogo ya barabara ya Nairobi. Vyumba viwili vya mama mdogo vilitazamana na vyumba viwili vya Mama Nembris, katikati uwanja mwembamba wa udongo mwekundu, na mwisho wa uwanja jiko moja la mbao lililotumiwa na wote. Humo jikoni ndimo ilimokuwa meza, ndefu kama ya karamu, imetandikwa nailoni yenye maua. Upande wa kushoto ulikuwa wa mama mdogo, na upande wa kulia ulikuwa wa Mama Nembris. Hakuna aliyechora mstari, lakini ulikuwepo. Upande wa kushoto maua ya nailoni yalikuwa bado mekundu. Upande wa kulia yalikuwa yameliwa, yana matundu yenye kingo za kahawia, na nilipofika nilidhani ni panya.

Mama mdogo alikuwa akitengeneza soda ya maziwa. Miaka ile soda za kiwandani zilikuwa za kutafuta kwa tochi, na mtu mwenye kipaimara au ndoa alikuwa radhi kuja mpaka uani kwetu kuomba. Kwanza alichemsha tangawizi na maganda ya nanasi, akatia sukari na hamira chembe tu, akachuja na kufungia kwenye chupa, akafunga vizibo kwa kamba kama mtu anayefunga mbuzi mkorofi. Baada ya siku chache maji yale yalikuwa yanachemka yenyewe kwa gesi, na chupa ambayo haikufungwa vizuri ilipasuka mchana kweupe, sote tukaruka. Kisha krimu. Maziwa aliyanunua kwa akina mama wa Kiarusha waliokuja nayo sokoni kwenye vibuyu, yana harufu ya moshi, akayachemsha na sukari na vanila, akikoroga bila kuacha mpaka yakawa mazito na kubadilika rangi kama kuni iliyomenywa. Siri yote ilikuwa kwamba vitu hivi viwili havikai pamoja. Ukichanganya mapema, tangawizi inayakata maziwa, yanaganda vipande vipande, mgeni anakutazama. Kwa hiyo krimu iliwekwa chini ya kikombe peke yake, na maji ya gesi, yaliyo meupe karibu kama maji ya kisima, yalikaa peke yake kwenye jagi, na kumimina kulifanywa na mnywaji mwenyewe, palepale, haraka, povu likipanda akawahi kwa mdomo. "Usiitazame," mama mdogo alikuwa akiwaambia wageni. "Ukiitazama inakata. Mimina, kunywa." Watu wote wa mtaa ule walizoea hivyo. Mimina, kunywa.

Mama Nembris alitengeneza sabuni ya vipande. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mcheshi kwa lugha yake na mgumu kwa Kiswahili, ambacho alikitoa kidogo kidogo kama mtu anayetoa akiba. Dawa anayoitia maji kabla ya kuchanganya na mafuta, ile kali inayochoma, yenye jina refu la Kizungu kwenye mfuko, watengeneza sabuni wote pale sokoni waliikata jina, wakaiita soda. Akishaitia maji inapata moto yenyewe, inafuka, na ni lazima ipoe kwanza. Hivyo siku nzima uani ungesikia, "Soda imepoa?" "Bado." "Soda imeiva?" "Kesho." Na usiposimama ukaona nani anasema, usingejua inayozungumzwa ni ipi. Sisi tulicheka. Mtaa uliwaita Mama Soda na Mama Sabuni, na Mama Nembris alikuwa akitania kwa Kiswahili chake, "Mimi pia Mama Soda. Yangu tu haina maziwa." Mikononi alikuwa na mabaka meupe mpaka kwenye viwiko. Siku niliyomuuliza yalitoka wapi, aliyatazama kama vile hayakuwa yake, akasema, "Soda," basi.

Kuku wa mama mdogo, tetea mwenye madoa, alikunywa yaliyomwagika chini ya upande wa kulia wa meza. Tulimkuta asubuhi mdomo wazi, kifua kimelowa. Mama mdogo alikikasirikia sana kifo hicho. Alisimama mlangoni kwa jirani yake akisema kuhusu watoto, kuhusu wageni, kuhusu kama angekuwa mtu je. Mama Nembris alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, Mama Soda," kisha akageuka kwa binti yake, akasema jambo kwa Kiarusha. Nembris akashindwa kujizuia, akacheka. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama mdogo alirudi ndani. "Wananisengenya mbele ya macho yangu," aliniambia. "Mimi na kuku wangu tumekuwa kichekesho." Baadaye Nembris aliniambia mama yake alikuwa amesema kwamba angalau kuku yule amekufa akiwa msafi. Nikacheka na mimi, na sikuthubutu kumpelekea mama mdogo maneno hayo.

Jumapili baada ya ibada mama mdogo alipika machalari, ndizi zimelainika kwenye mchuzi wa nyama, akawaita jirani zetu wakale chumbani kwetu, na pale juu ya sahani ndipo alipoweka sharti. Alisema kwa upole, namna Wameru wanavyosema neno zito wakati mdomo unatafuna. "Mama Nembris, mimi na Akunda huyu, mtoto wa dada yangu, tukiongea Kimeru, wewe utafikiri tunakusema. Nyie mkiongea Kiarusha, mimi nafikiri hivyohivyo. Sasa tukubaliane. Ndani ya ua huu, mtu akiwa anasikika na mwingine, ni Kiswahili. Kila mtu asikie, kila mtu aelewe." Mama Nembris alimaliza tonge lake. "Sawa," akasema. "Kila mtu aelewe." Na akalishika neno hilo kuliko sisi. Sisi tulikuwa tukisahau, mama mdogo akanifokea kwa Kimeru mchana kutwa. Mama Nembris hakusahau hata mara moja. Hata alipomwita mwanawe aamke alfajiri, kama tumeshafungua mlango wetu, alimwita kwa Kiswahili. Nilikuwa nikimsikia akitafuta maneno, akinyamaza katikati, akilichukua la karibu. Kwa Kiarusha ile dawa ya sabuni alikuwa ameipa jina lake mwenyewe, Nembris alinitafsiria, maji yanayouma. Kwa Kiswahili alikuwa na neno moja tu.

Mimi na Nembris tulikuwa rika moja. Alikuwa mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele analolionea fahari, na alikuwa hawezi kufanya kazi bila kuimba. Alimimina mafuta akiimba, alifagia uwanja akiimba, na sauti yake ilipanda bila jasho, ikapita juu ya mabati, mpaka wapita njia wakapunguza mwendo. Mwalimu wa kwaya, mzee mmoja mwenye kikohozi, alikuwa ameongea na watu anaofahamiana nao kule chuoni Makumira wamsikilize. Ikiwa wangempenda, angesomeshwa muziki. Hilo ndilo lilikuwa jambo kubwa la ua wetu mwaka ule. Matokeo yangu ya mtihani hayakuulizwa na yeyote. Gauni lake la kwendea nililishona mimi, na mama mdogo aliweka nadhiri kwamba kila jioni Nembris akirudi mazoezini atakuta kikombe chake cha bati cha buluu mezani, krimu ipo chini, kimefunikwa kisosi, ili koo lisikauke. "Sauti ni mali," alikuwa akisema. "Sauti ni ya kulishwa." Nembris alikuwa akiingia mbio, anamimina, anakunywa bila kutazama, alivyofundishwa.

Wiki ya mwisho kabla ya Makumira mvua zilinyesha mfululizo, mlima uliosimama juu yetu ukapotea kabisa, tukawa tunaishi kama watu wasio na mlima. Paa la varanda ya Mama Nembris lilivuja. Ndoo yake ya kupozea, aliyoiweka siku zote nje chini ya varanda, kifuniko na jiwe juu, tahadhari iliyotokana na yule kuku, ilijaa maji ya mvua yaliyopenya kifunikoni, soda ikaharibika. Nilimsikia asubuhi akiongea peke yake, kwa sauti ya chini, kwa lugha yake kwa kuwa alidhani tumelala. Mchana aliitia maji nyingine, na safari hii akaiweka mahali pakavu. Niliingia jikoni kuchukua makaa ya pasi nikaona meza. Kikombe cha buluu na kisosi juu yake kilikuwa upande wa kushoto. Jagi lilikuwa katikati. Sikuliwaza. Lilikuwa jagi la plastiki kama majagi mengine yote, maji meupe ndani, na mama mdogo alikuwa ametoka kwenda kutafuta sukari. Nilikuwa na kiu kidogo, nakumbuka, kiu ya mtu aliyesimama na pasi ya mkaa. Nikasema nitakunywa nikimaliza kola ya gauni.

Nilikuwa kwenye kola nilipomsikia Nembris akikimbia uwanjani, ndala zikipiga matope. Alikuwa akiimba kile kipande cha juu cha wimbo wa Makumira, akakikatiza mlangoni mwa jiko. "Yeyo, nimerudi!" alipaza sauti. Yeyo ni mama kwao, na ndilo neno pekee ambalo sharti halikuligusa. Mama yake alikuwa chumbani akipima mafuta. Kila jioni binti akirudi walichanganya sabuni pamoja, na alikuwa akimjulisha kwamba kazi iko tayari. Mlango wetu ulikuwa wazi, moshi wa pasi unatoka, alijua nipo. Akajibu kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ili ishinde mvua: "Soda iko kwenye jagi! Imeshapoa!"

Nilisikia sentensi hiyo yote, na niliielewa. Niliielewa vile Nembris alivyoielewa, nikafikiri, afadhali, leo ni ya baridi. Nikasikia kisosi kikiwekwa mezani. Nikasikia kumimina. Kisha kikombe kikaanguka, nikasubiri kicheko, au atukane, au aimbe. Sikusikia kitu. Nimesikia vilio vingi maishani lakini kimya kile, na mvua juu yake, ndicho kinachoniamsha. Nilipofika mlangoni alikuwa amepiga magoti, mikono shingoni, mdomo wazi kama yule kuku, na macho yake yananiuliza kitu. Mama yake alinipita akanisukuma ukutani. Aliliona jagi, akaona kikombe, na lugha yake ikamtoka yote, maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kinywani mwake kwa mwaka mzima, akimwosha mdomo, akimwita, akimpigapiga mashavu. Mimi sikuelewa hata neno moja.

Hospitali walimpokea wakafanya walichoweza, na kwa miezi mingi. Aliishi. Koo lilipona likiwa jembamba kama mrija, chakula chake kikawa uji na loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, iliyopondwa na kuchujwa, na sauti ikawa mnong'ono unaosikika ukiwa umekaa naye tu. Watu walisema ajali haina kinga, kama watu wanavyosema. Mwalimu wa kwaya alikuja, akakaa, akakohoa, akaondoka bila kunywa kitu. Mama mdogo alizimwaga chupa zake zote nyuma ya choo, moja baada ya moja, zikifoka. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuua polepole, kwa sababu yeye alijua sharti lilitoka kwake. Aliniambia mara moja tu, wakati tunafunga mizigo arudi kwao mlimani na mimi niende shule: "Kama ningemwacha aongee na mwanawe kwa lugha yao." Akakaza kamba ya mzigo. Na tangu hapo, mpaka uzeeni, hakulitamka neno soda. Alisema kinywaji. Na kila kinywaji alichomkaribisha mgeni, hata cha kiwandani kilichofunguliwa mbele yake, alikionja kwanza, kama wazee wetu walivyoonja pombe kuonyesha haina sumu. Vijana wa ukoo walidhani ni ushamba, wakamtania. Mimi niliwaacha wamtanie, yeye mwenyewe akitabasamu.

Mama Nembris hakusema Kiswahili tena. Hilo sikulisikia kwa watu, nililiona. Kila mwaka, nikifunga shule, nilikwenda kuwasalimu. Nilisema, "Shikamoo, mama," akanishika kichwa kwa kiganja chake chenye mabaka, akanijibu kwa lugha yake. Alikwenda sokoni na mtu wa kumsemea. Kanisani aliimba alichokiweza, kwingine akanyamaza. Nembris alikuwa akininong'oneza tafsiri, na nilipomuuliza kama mama yake amekisahau Kiswahili, alitikisa kichwa. "Anakiogopa," alisema. Nembris hakuwa na hasira na mama yake, na nimelifikiria jambo hilo kuliko vitabu vyote nilivyosoma. Yeye mwenyewe siku hizi anafundisha kwaya ya watoto pale Ngaramtoni, kwa mikono. Anainua kidole, watoto wanapanda. Wanapanda juu kabisa, hawajui wanapandishwa na nani.

Tulimzika mama mdogo kwao mlimani, kati ya migomba na kahawa, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la nyumba. Sikutegemea watakuja. Mama Nembris sasa ni kikongwe, haoni vizuri, na Nembris alimshika mkono kupanda ule mlima wote. Walikaa kwenye viti vya plastiki nyuma kidogo. Baada ya kuzika, binamu yangu wa kamati alikuja na sinia lake la soda na glasi, akamimina kwa haraka, kama mtu mwenye watu wengi, akamsogezea Nembris glasi, akasema, "Karibu soda, mama, ni ya baridi." Alipotamka neno hilo nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao, na nikaona mgongo wa Nembris ukikauka. Hakunyoosha mkono. Binamu akabaki ameishikilia glasi, anacheka kidogo.

Mama Nembris alipapasa hewani mpaka akaipata glasi. Akaichukua kwa mikono miwili, akainusa. Akainywa kidogo, akaishikilia mdomoni muda mrefu, macho yake yasiyoona yameelekea kaburini kwa mama mdogo, akameza. Nilidhani atasema kwa Kiarusha, na nilikuwa tayari kutoelewa. Akamgeukia mwanawe, akaiweka glasi mikononi mwake, na akalitafuta neno, na neno la pili, kama zamani alipokuwa akimwamsha alfajiri.

"Hii ni ya kunywa," akasema. "Ni ya kunywa, mwanangu."

Nembris akanywa.